Kufunga na kujinyima nyama wakati wa Kwaresima

Kufunga na kujinyima nyama wakati wa Kwaresima ni aina mbili za malipizi ambazo Kanisa Katoliki linawadai waamini wake katika siku zinazotangulia Pasaka. Kwa kuwa zinatajwa pamoja mara nyingi, watu huzichanganya, lakini katika sheria za Kanisa ni mambo mawili tofauti: kufunga kunahusu kiasi cha chakula na idadi ya milo, kujinyima kunahusu aina ya chakula, yaani nyama. Kutokana na umri wake au na siku yenyewe, mtu anaweza akabanwa na wajibu mmoja asibanwe na mwingine.

Katika Kanisa la Kilatini, ambalo ndilo la Wakatoliki karibu wote wa Afrika Mashariki, siku za lazima za kufunga ni mbili tu kwa mwaka: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizohizo ni za kujinyima nyama pia, pamoja na Ijumaa nyingine zote za Kwaresima. Mengine yanayofanywa na waamini kwa siku arubaini, kama vile kuacha pombe, sigara au sukari, kula mara moja kwa siku hadi Pasaka, au kufunga kila Jumatano na Ijumaa, ni ya hiari. Yanasifiwa, lakini asiyeyafanya hajavunja sheria yoyote.

Neno lenyewe

Kwaresima ni neno lililotokana na Kilatini Quadragesima, maana yake "ya arubaini". Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu kuna siku 46. Zikiondolewa Dominika sita, ambazo hazikuwa kamwe siku za kufunga kwa sababu ni adhimisho la ufufuko, zinabaki 40. Hesabu hiyo ni ya mfungo. Kadiri ya kalenda ya liturujia ya leo, kipindi cha Kwaresima kinakwisha mapema kidogo, kabla ya Misa ya Karamu ya Bwana jioni ya Alhamisi Kuu.

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili, neno "kufunga" (au "saumu") linaleta kwanza picha ya Ramadhani: kutokula wala kunywa chochote tangu alfajiri hadi machweo. Hata majina ya miezi yanayotumika pwani yanahesabiwa kuanzia mwisho wa mwezi huo: Mfungo Mosi, Mfungo Pili na kuendelea. Ndiyo sababu Mkatoliki aliyesema amefunga, kisha akaonekana anakunywa chai saa nne asubuhi, huulizwa na jirani yake Mwislamu amefunga nini. Swali hilo hujitokeza hasa miaka ambayo vipindi viwili vinakutana, kama mwaka 2025, Jumatano ya Majivu ilipoangukia tarehe 5 Machi, siku chache baada ya Ramadhani kuanza. Jibu ni kwamba neno ni moja ila sheria ni mbili. Mfungo wa Kikatoliki haupangwi kwa saa za mchana bali kwa milo ya siku nzima, na haukatazi maji.

Msingi katika Biblia

Wakatoliki wanahusisha Kwaresima na siku arubaini ambazo Yesu alikaa jangwani bila kula kabla ya kuanza utume wake (Math 4:1-11, Lk 4:1-13). Injili inasimulia pia kwamba wanafunzi wake walilaumiwa kwa kutofunga, naye akajibu kwamba watafunga siku watakapoondolewa bwana arusi (Mk 2:18-20). Wakristo wa kwanza walielewa siku hiyo kuwa ile ya kifo chake, na hapo ndipo ulipo mzizi wa mfungo wa Ijumaa Kuu.

Maneno mawili mengine yanasomwa kila mwaka mwanzoni mwa Kwaresima. La kwanza ni katazo la Yesu la kufunga kwa kujionyesha (Math 6:16-18), linalosomwa Jumatano ya Majivu, siku ambayo, ajabu, waamini wanatoka kanisani wakiwa na alama ya majivu usoni. La pili ni sura ya 58 ya Isaya, ambapo nabii anawashutumu watu wanaofunga huku wakiwaonea vibarua wao, na kudai mfungo wa kumgawia mwenye njaa chakula. Kwa msingi huo mapokeo ya Kanisa hayatenganishi mfungo na sala wala na sadaka: kile ambacho mtu hakula kinatakiwa kimfikie asiye nacho.

Sheria inayotumika sasa

Sheria imo katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa uliotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, kanuni 1249 hadi 1253. Kanuni ya kwanza kati ya hizo inasema waamini wote wanapaswa kufanya toba kwa sheria ya Mungu. Kanisa linapanga siku maalumu ili wafanye jambo hilo kwa pamoja. Siku hizo ni kila Ijumaa ya mwaka na kipindi chote cha Kwaresima. Maelezo ya namna ya kutekeleza yanatoka zaidi katika hati Paenitemini ya Papa Paulo VI, iliyotolewa tarehe 17 Februari 1966.

Anayefunga anaruhusiwa mlo mmoja kamili kwa siku. Hakatazwi kula kidogo nyakati nyingine mbili, kwa kufuata desturi ya mahali kuhusu kiasi na aina ya chakula. Kwa kawaida mapadre wanaeleza kwamba hivyo vidogo viwili vikiunganishwa visifikie mlo kamili. Kwa mfano, mtu anaweza kunywa chai na kipande cha muhogo asubuhi, kula ugali na maharage mchana, halafu usiku akala ndizi moja au mbili. Mlo kamili unaweza kuwa wa usiku vilevile. Sheria haisemi uwe saa ngapi. Maji, chai na kahawa havivunji mfungo, lakini uji ni chakula hata kama unanywewa. Kinachokatazwa hasa ni kutafunatafuna kati ya milo.

Kujinyima maana yake ni kutokula nyama siku nzima, hata kidogo. Hapa hakuna "mlo mmoja". Hati ya 1966 inasema wazi kwamba mayai, vyakula vitokanavyo na maziwa, na viungo vilivyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama havikatazwi. Basi viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya ng'ombe vinaruhusiwa, na mayai pia, ila mishikaki sivyo.

Nyama ni nini?

Kadiri ya mapokeo, nyama inayokatazwa ni ya wanyama wa nchi kavu wenye damu ya joto pamoja na ndege. Kuku basi ni nyama, hata pale ambapo lugha ya kila siku inamtenga na kuuliza "utakula nyama au kuku?". Samaki si nyama, wala kamba, kaa, pweza na ngisi. Vyura na kasa pia wamehesabiwa upande wa samaki. Kwa kipimo hicho senene wa Kagera na kumbikumbi hawaingii katika katazo.

Mpaka huo umeleta maswali ya ajabu mahali pengi. Huko Venezuela mnyama mkubwa wa jamii ya panya anayeishi majini, anayeitwa kapibara, analiwa kwa desturi ya zamani katika Kwaresima kana kwamba ni samaki. Mwaka 2010 askofu mkuu wa New Orleans, Marekani, alimjibu mwamini mmoja kwa barua kwamba mamba wa huko anahesabiwa pamoja na samaki.

Kuhusu supu, sheria imebadilika. Mkusanyo wa mwaka 1917 ulikataza nyama pamoja na mchuzi uliotokana nayo. Hati ya 1966 inataja nyama tu. Lakini supu ya ng'ombe au ya mbuzi inayouzwa asubuhi mitaani ina vipande vya nyama ndani, hivyo swali la mchuzi mtupu haliwahusu wengi.

Ni lazima kusema pia kwamba sheria hii inaonekana kuandikwa kwa ajili ya meza ambayo nyama iko kila siku. Familia inayoonja nyama Krismasi na Pasaka tu haisikii chochote inapoambiwa iache Ijumaa. Na mwenye uwezo anayebadilisha nyama kwa samaki wa bei kubwa hotelini ametimiza herufi ya sheria bila kujinyima kitu. Kanuni ya 1251 yenyewe inatambua hilo kiasi fulani, kwa kusema "nyama au chakula kingine", kadiri baraza la maaskofu la nchi litakavyoamua.

Umri

Wajibu wa kujinyima nyama unaanza mtu akitimiza miaka 14 na hauna kikomo. Mzee wa miaka 80 bado unamhusu, isipokuwa kama afya hairuhusu. Wajibu wa kufunga unawahusu watu wazima, yaani waliotimiza miaka 18, hadi wanapotimiza 59. Kanuni inasema "hadi mwanzo wa mwaka wa sitini", maneno yanayowachanganya wengi: mwaka wa sitini wa maisha unaanza siku mtu anapotimiza miaka 59.

Hivyo mwanafunzi wa miaka 16 akiwa bweni siku ya Jumatano ya Majivu hapaswi kula nyama, lakini halazimiki kupunguza milo. Mtoto wa miaka 10 hana wajibu wowote wa kisheria. Kanuni ya 1252 inawadai wachungaji na wazazi wawafundishe hao wadogo maana halisi ya toba, nayo haisemi walazwe njaa.

Wasiobanwa

Sheria ya 1983 haina orodha ya wanaosamehewa, lakini maadili ya Kikatoliki tangu zamani yanakubali kwamba sheria ya Kanisa haimbani mtu ambaye kuitii kungemdhuru. Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha, na wanaofanya kazi nzito za mikono wasioweza kuzimudu bila kula wanahesabiwa hivyo. Mwenye kisukari, au anayemeza dawa zinazohitaji chakula, hatakiwi kuacha kula ili atimize mfungo. Si lazima hata aombe ruhusa, kwa kuwa sababu ipo wazi. Penye shaka, paroko anaweza kumwondolea mtu mmojammoja wajibu huo au kumbadilishia tendo lingine la ibada au la huruma (kan. 1245), na askofu anaweza kufanya hivyo kwa jimbo lake.

Suala la maskini lilijadiliwa mapema. Katika karne ya 13 Thoma wa Akwino, ndani ya kitabu chake Summa Theologiae, aliandika kwamba fukara anayeweza kupata mlo mmoja wa kumtosha hasamehewi kwa ufukara wake, kwa kuwa mfungo unamwachia huo mlo mmoja. Lakini anayeombaomba na kupewa vipande vidogovidogo, asipate kamwe cha kumshibisha kwa wakati mmoja, huyo anaonekana kusamehewa. Paulo VI mwaka 1966 aliligusa jambo hilo kwa upana zaidi. Alisema kwamba nchi zenye ustawi zinadaiwa ushuhuda mkubwa zaidi wa kujinyima, pamoja na kuzisaidia zile zinazoteseka kwa njaa, kumbe katika nchi maskini waamini, huku wakipigania haki ya kijamii, wamtolee Mungu mateso yao katika sala.

Juu ya uzito wa wajibu, hati hiyo inasema kutimiza siku za toba katika sehemu yake ya msingi kunabana kwa uzito. Mwaka uliofuata Roma ilifafanua kwamba neno hilo linahusu siku za toba kwa jumla yake, si kila siku moja peke yake. Kwa hiyo aliyesahau Ijumaa moja akala nyama harusini hayuko sawa na anayedharau sheria yote kwa makusudi.

Sherehe zinapoangukia Ijumaa

Ijumaa yenye adhimisho la ngazi ya sherehe haina wajibu wa kujinyima. Katika Kwaresima hilo hutokea hasa kwa sherehe mbili: ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, iliyoangukia Ijumaa mwaka 2021, na ya Bikira Maria Kupashwa Habari tarehe 25 Machi, iliyoangukia Ijumaa mwaka 2022. Siku hizo Wakatoliki waliweza kula nyama. Ijumaa Kuu haiguswi na utaratibu huu. Mwaka 2016 tarehe 25 Machi ilikuwa Ijumaa Kuu, basi sherehe ya Kupashwa Habari ikahamishiwa tarehe 4 Aprili.

Historia

Mwishoni mwa karne ya 2 Ireneo wa Lyon, katika barua iliyohifadhiwa na Eusebi wa Kaisarea, alieleza kwamba kabla ya Pasaka Wakristo wengine walifunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, wengine saa arubaini mfululizo, na kwamba tofauti hizo hazikuwavunjia amani. Muda wa siku arubaini unatajwa katika kanuni ya 5 ya Mtaguso wa kwanza wa Nisea (325), kama jambo linalojulikana tayari. Karne iliyofuata mwanahistoria Sokrates wa Konstantinopoli aliandika kwamba wengine waliacha kila kitu chenye uhai, wengine walikula samaki, wengine samaki na ndege, na wengine mkate mkavu tu.

Kule Roma, Papa Gregori I alihesabu siku 36 za kufunga, akaziita zaka ya mwaka anayotolewa Mungu. Baadaye ziliongezwa siku nne mwanzoni ili kufikia arubaini kamili, na kwa njia hiyo Kwaresima ya Magharibi ikaanza Jumatano.

Mfungo wa zamani ulikuwa mlo mmoja tu, ulioliwa jioni. Polepole saa ya mlo huo ilirudi nyuma: kwanza hadi alasiri saa tisa, hatimaye adhuhuri. Lakini aliyekula adhuhuri alikuwa na njaa usiku. Katika monasteri watawa walizoea kukusanyika jioni kusikiliza maandishi ya Yohane Kasiano yanayoitwa Collationes, na hapo wakaruhusiwa kinywaji, kisha na kipande cha mkate. Chakula hicho kidogo kikaitwa collatio kwa jina la kitabu, na kutoka huko Waitalia wakapata neno colazione, wanaloliita leo chakula cha asubuhi. Ruhusa ya sasa ya kula kidogo mara mbili ina asili hiyo.

Katika Karne za Kati mayai na maziwa vilikatazwa pamoja na nyama. Kaskazini mwa Ulaya, ambako mafuta ya zeituni yalikuwa ghali, watu waliomba ruhusa ya kutumia siagi na kutoa fedha kwa ajili hiyo. Mnara mmoja wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa kuwa inasemekana ulijengwa kwa michango hiyo. Mambo ya namna hiyo yaliwakera wengi. Mwaka 1522, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, watu kadhaa walikula soseji nyumbani kwa mchapishaji Christoph Froschauer mjini Zürich, mbele ya padre Huldrych Zwingli. Yeye mwenyewe hakula, lakini baadaye alihubiri kuwatetea. Tukio hilo linahesabiwa kati ya yale yaliyoanzisha Matengenezo ya Kiprotestanti nchini Uswisi.

Hadi katikati ya karne ya 20 sheria ilikuwa nzito kuliko ya sasa. Mkusanyo wa 1917 ulidai kufunga siku zote za Kwaresima isipokuwa Dominika, na kuacha nyama Jumatano ya Majivu na kila Ijumaa na Jumamosi za kipindi hicho. Nyama ilikatazwa tangu umri wa miaka 7. Mfungo ulianza miaka 21, umri ambao Thoma wa Akwino aliutetea kwa hoja kwamba kijana bado anakua na anahitaji kula mara kwa mara hadi mwisho wa saba yake ya tatu. Mwaka 1966 Paulo VI alipunguza siku za kufunga hadi mbili, akapandisha umri wa kujinyima hadi 14; mwaka 1983 umri wa kufunga ukashushwa hadi 18.

Tofauti za mahali

Kanuni ya 1253 inayaruhusu mabaraza ya maaskofu kubainisha zaidi utaratibu, au kuweka matendo mengine ya toba, hasa ya huruma na ya ibada, badala ya mfungo na kujinyima. Nchini Marekani, tangu Novemba 1966, kujinyima nyama ni lazima Ijumaa za Kwaresima, kumbe Ijumaa nyingine mwamini anaweza kuchagua toba nyingine. Maaskofu wa Uingereza na Wales waliurudisha wajibu wa kila Ijumaa ya mwaka kuanzia tarehe 16 Septemba 2011.

Baadhi ya vitabu vya sala vya Kiswahili, katika orodha ya Amri za Kanisa, vinataja kufunga kwa Jumatano ya Majivu na kuacha nyama kwa Ijumaa Kuu. Waliokariri hivyo utotoni hudhani kila siku ina sharti lake moja. Huo ni ufupisho: kadiri ya kanuni ya 1251 siku zote mbili zina masharti yote mawili.

Upande wa sadaka, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania hutoa ujumbe wa Kwaresima, na nchini Kenya Tume ya Haki na Amani ya maaskofu huendesha kampeni ya Kwaresima yenye mada za kutafakariwa katika jumuiya ndogondogo.

Makanisa Katoliki ya Mashariki yana sheria zao. Mengi yanaanza Kwaresima Jumatatu, bila Jumatano ya Majivu, na kwa mapokeo yanaacha pia maziwa na mayai.

Mfungo wa ekaristi

Usichanganywe na mfungo wa Kwaresima ule wa ekaristi, unaodai kutokula wala kunywa kwa walau saa moja kabla ya kupokea komunyo, isipokuwa maji na dawa (kan. 919). Huo ni wa mwaka mzima, nao hauwabani wazee, wagonjwa na wanaowahudumia. Zamani ulianza usiku wa manane. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliufanya wa saa tatu, na mwaka 1964 Paulo VI akaufanya wa saa moja.